Zege Lenye Kiu: Mimea Yajaribiwa Kulinywesha Maji Kutoka Ndani

Mafundi wa ujenzi wa Afrika Mashariki wana msemo wao: zege halilali. Maana yake ya kwanza ni ya kazi. Zege likishachanganywa halingoji kesho; sharti limwagwe siku hiyo hiyo kabla halijashika. Msemo huo ulitoka kwenye majengo ukaingia mitaani, na leo hutumiwa kwa kila jambo lisilofaa kuahirishwa. Lakini unayo maana nyingine, ambayo husahauliwa mara kwa mara, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Hata baada ya kumwagwa, kusawazishwa na kukauka usoni, zege bado halijalala. Ndani yake kazi inaendelea kwa siku, kwa wiki na hata kwa miezi, na kazi hiyo inahitaji maji.

Wengi hudhani kwamba zege huwa gumu kwa sababu limekauka, kama udongo unavyokuwa mgumu juani. Sivyo ilivyo. Saruji hugeuka jiwe kwa kuungana na maji kikemia, na muungano huo huzaa utando unaoshikamanisha mchanga na kokoto. Maji yakitoweka mapema, muungano husimama, na sehemu ya saruji iliyonunuliwa kwa fedha nyingi hubaki ndani ya ukuta ikiwa unga usio na kazi.

Katika miaka ya 1940, T. C. Powers na T. L. Brownyard, waliokuwa wakifanya utafiti katika Chama cha Saruji ya Portland nchini Marekani, walilipima jambo hili kwa makini. Kutokana na hesabu zao, kila kilo 100 za saruji zahitaji kiasi cha kilo 42 za maji ili saruji yote ipate kuungana, ikiwa zege limezibwa lisipokee maji mengine kutoka nje. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, hayo ni maji ya lita 21. Powers alionyesha pia kwamba unyevu wa hewa iliyomo katika vitundu vya zege ukishuka chini ya asilimia 80, muungano wa saruji na maji hukaribia kusimama kabisa.

Hiyo ndiyo sababu ya desturi ya kulimwagilia zege maji, au kulikomaza kama wasemavyo wahandisi. Kwa muda usiopungua siku 7 katika kazi nyingi za kawaida, slabu hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, au kwa mchanga wenye maji, au hutandazwa nailoni ili mvuke usipotee. Ni kazi isiyo na fahari. Mifuko ya saruji huhesabiwa na nondo hupimwa, lakini anayeshika ndoo siku ya nne, jua la saa saba mchana likiwaka, hana wa kumtazama. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa madumu au huletwa kwa boza, ndoo hiyo ndiyo ya kwanza kupunguzwa.

Kwa Waswahili wengi walio ughaibuni, jambo hili si la mbali. Wapo walioko Muscat, Dubai, London au Minneapolis ambao nyumba zao zinajengwa nyumbani kwa fedha za kutuma kila mwisho wa mwezi. Risiti ya saruji inaweza kutumwa kwa simu, na picha ya nguzo pia. Hakuna risiti inayothibitisha kwamba zege lilinyweshwa maji. Upungufu huo hujitokeza baadaye, sakafu inapotoa vumbi kila ifagiliwapo, nyufa zinapochora dari, na unyevu unapopenya hadi kwenye nondo zikaanza kushika kutu.

Katika nchi za joto kali tatizo huanza mapema zaidi. Taasisi ya Zege ya Marekani huwatahadharisha wajenzi kwamba pale uso wa zege unapopoteza karibu kilo moja ya maji kwa kila mita ya mraba kwa saa moja, hatari ya kupasuka kabla hata ya kushika ni kubwa. Jua, upepo na hewa kavu vikikutana, kiwango hicho hufikiwa bila taabu. Huko Dubai, wakati wa kujenga mnara wa Burj Khalifa uliofunguliwa mwaka 2010, zege la majira ya joto lilimwagwa usiku, na barafu ikatiwa katika maji ya kuchanganyia. Si kila mjenzi awezaye kununua barafu.

Lakini hata pasipo na jua, kuna kiu nyingine ambayo ndoo haiwezi kuikata. Zege la kisasa lenye nguvu nyingi, litumiwalo kwenye madaraja na majengo marefu, huchanganywa kwa maji machache sana ili liwe zito na lisilopenyeka. Hapo ndipo fumbo lilipo. Kinachozaliwa saruji inapoungana na maji huchukua nafasi ndogo kuliko saruji na maji yenyewe yalivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo vitundu vitupu hutokea ndani kwa ndani, maji machache yaliyosalia hukimbilia katika mianya iliyo myembamba zaidi, na kuta za mianya hiyo huvutwa kwa nguvu. Zege hujikausha lenyewe na kusinyaa, ingawa halijapoteza hata tone moja kwa jua. Maji yakimwagwa juu hayafiki mbali, maana zege limekwisha kuziba njia zake.

Msikilizaji anaweza kuuliza: kwa nini basi yasiongezwe maji tangu mwanzo, wakati wa kuchanganya? Kwa sababu maji ya ziada yanayozagaa huru katika mchanganyiko hutenganisha chembe za saruji, na yakiisha kutoka huacha nyuma matundu yaliyounganika. Zege la namna hiyo humwagika kwa urahisi, jambo linalowapendeza vibarua, lakini huwa dhaifu na lenye kupitisha unyevu. Yanayotakiwa ni maji yaliyomo ndani ya zege lakini yamefungiwa mahali pake, yasiyotoka mpaka saruji yenyewe iyaite. Wataalamu hukadiria kwamba kiasi cha kilo 7 za maji ya namna hiyo kwa kila kilo 100 za saruji chatosha kufidia pengo linalotokea. Kwa mfuko mmoja, ni lita tatu na nusu tu.

Wazo la kuyafungia maji si geni. Mwaka 1957 mtafiti Paul Klieger wa Marekani aliandika kwamba kokoto nyepesi zenye vitundu, zilizofyonza maji wakati wa kuchanganywa, zilionekana kuyarudisha maji hayo kwa saruji baadaye. Mwaka 1991 Robert Philleo alipendekeza kwamba sehemu ya mchanga wa kawaida ibadilishwe kwa mchanga mwepesi uliokwisha kushiba maji. Mwaka 2005, huko Hutchins katika jimbo la Texas, takribani mita za ujazo 190,000 za zege la aina hiyo zilimwagwa katika kituo cha kupakia na kupakua makontena ya reli, na nyufa zilizoonekana baadaye zilikuwa chache.

Njia ya pili ilitokea Denmark. Mwaka 2001 Ole Mejlhede Jensen na Per Freiesleben Hansen walichapisha utafiti wa kutumia polima zenye kufyonza maji kwa wingi, jamii ile ile ya chembechembe zilizomo ndani ya nepi za watoto. Punje ndogo ya polima hunywa maji, hufura, na kukaa ndani ya zege kama kibuyu. Unyevu wa pembeni ukipungua, kibuyu hutoa maji yake kidogo kidogo. Utaratibu huo unafanya kazi, lakini polima hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa malighafi zitokanazo na mafuta ya petroli. Kokoto nyepesi nazo huchomwa katika tanuri zenye moto mkali. Hapo ndipo watafiti walipoanza kugeukia mimea, ambayo tangu kuumbwa kwake kazi yake mojawapo ni kuhifadhi maji.

Miongoni mwa majaribio yanayostahili kusikika katika pwani ya Waswahili ni yale yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, nchini Marekani. Mwaka 2018 watafiti wa chuo hicho, akiwemo Profesa Wil Srubar, walichapisha matokeo kuhusu polima za kufyonza maji zilizotengenezwa kwa karajinani. Waliona kwamba zinapotiwa katika rojo ya saruji, hupunguza kule kusinyaa kunakotokana na zege kujikausha lenyewe.

Na karajinani ni nini? Ni ute unaopatikana katika mwani mwekundu wa baharini, utumiwao viwandani kulainishia na kugandishia vyakula, dawa za meno na vipodozi. Hapo ndipo Zanzibar inapoingia katika habari hii. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza huko mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, vikiwemo Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Tangu hapo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wameingia maji yanapokupwa, wakafunga vichipukizi kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi, wakavuna, wakaanika na kuuza. Aina mbili zinazolimwa, kotonii na spinosumu, zote hutoa karajinani, ingawa ya kotonii hugandisha zaidi na bei yake ni ya juu zaidi. Kwa bahati mbaya, kadiri maji ya bahari yanavyopata joto, kotonii imekuwa ikifa, na wakulima wengi wamebaki na spinosumu yenye malipo madogo.

Haitakuwa haki kumwambia mkulima wa Paje kwamba kesho mwani wake utanunuliwa na wajenzi wa madaraja. Majaribio ya Colorado yalikuwa ya maabara, nayo yalihusu rojo ya saruji. Kati ya sahani ya maabara na nguzo ya daraja kuna safari ndefu ya vipimo, viwango na bei. Aidha, mwani mwingi wa Zanzibar huuzwa nje ukiwa mkavu, haujasindikwa, na thamani kubwa huongezwa kwingine. Hata hivyo ipo faida katika kujua kwamba zao linaloonekana la dawa ya meno na jeli linachunguzwa pia na wahandisi. Anayejua matumizi ya mali yake huuliza bei kwa sauti tofauti.

Mwani hauko peke yake. Huko Ghent, nchini Ubelgiji, watafiti wamejaribu polima zilizotengenezwa kwa aljineti, ute wa mwani wa kahawia. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Georgia, Marekani, nyuzi za massa ya mti, yale yatumiwayo kutengenezea karatasi, zimechunguzwa kama vyombo vya kuhifadhia maji ndani ya saruji. Huko Delft, Uholanzi, mtafiti Nguyen Van Tuan kutoka Vietnam alionyesha mwaka 2011 kwamba majivu ya makapi ya mpunga, yakichomwa na kusagwa ipasavyo, yana vitundu vinavyobeba maji na papo hapo yenyewe huungana na chokaa iliyomo katika saruji na kuongeza nguvu. Nchini Mexico, tangu zamani wajenzi walitia ute wa mpungate katika chokaa, na ute huo sasa umerudi mezani kwa watafiti.

Wala isidhaniwe kwamba mimea ni mgeni kabisa katika zege. Tangu miaka ya 1930 viwanda vimekuwa vikitumia lignosulfoneti, masalia ya kutengeneza karatasi kutokana na miti, ili zege lilainike bila kuongezewa maji. Majengo mengi yaliyosimama leo yana chembe za msitu ndani yake.

Pamoja na hayo, ndoa ya mmea na saruji ina ugomvi wake, na aliye mkweli hana budi kuutaja. Ugomvi wa kwanza ni sukari. Karibu kila mmea una sukari, na sukari ni adui wa kushika kwa saruji. Sukari ya kiasi cha asilimia 0.05 tu ya uzito wa saruji, yaani gramu 25 kwa mfuko wa kilo 50, au vijiko sita hivi vya chai, yaweza kuchelewesha zege kushika kwa saa kama nne. Ikifika kati ya asilimia 0.2 na asilimia moja, yaani kuanzia gramu 100 kwa mfuko, zege laweza lisishike kabisa. Kwa hiyo unyuzi, ute au unga wa mmea hauna budi kusafishwa na kupimwa kabla haujaingia kwenye mchanganyiko. Anayesikia habari hizi akaenda kukamua mpungate au majani ya shambani na kuyamimina katika zege la nyumba yake, anahatarisha paa litakalokuwa juu ya vichwa vya watoto wake.

Ugomvi wa pili ni ukali wa saruji yenyewe. Maji yaliyomo ndani ya zege yana magadi makali kiasi cha kuchubua ngozi ya mikono, kama kila fundi anavyojua. Mwaka 1983, nchini Sweden, Hans-Erik Gram alionyesha kwamba nyuzi za katani zilizotiwa katika zege huliwa polepole na magadi hayo, hasa ile gundi ya asili inayozishikanisha. Zikitegemewa kubeba mzigo kwa miaka mingi, huwa ni hasara. Lakini hapa ipo nafuu moja. Mmea unaotiwa kwa ajili ya kutunza maji hauhitajiki kuishi miaka 50. Kazi yake kubwa ni ya siku na wiki za mwanzo. Ukishatoa maji yake, umemaliza deni.

Ugomvi wa tatu ni chumvi. Punje ya polima ambayo hunywa maji safi mara mamia ya uzito wake, ikitumbukizwa katika maji ya saruji yaliyojaa chumvichumvi hunywa makumi tu, na pengine hutema mapema kile ilichokinywa. Zaidi ya hapo, kila kibuyu kikiisha maji huacha tundu, na matundu yakizidi nguvu hupungua. Kwa hiyo swali la mtafiti halikomi kwenye kuuliza kama mmea unafyonza maji. Ni lazima ajue unafyonza kiasi gani ndani ya saruji, unaachilia saa ngapi, na tundu linalobaki lina ukubwa gani.

Kwa nini basi kujisumbua? Sababu ni uzito wa saruji katika dunia. Kila mwaka dunia hutengeneza takribani tani bilioni 4 za saruji, na utengenezaji huo hutoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu. Sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka katika mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, kwa hiyo hata tanuri likiwashwa kwa nishati safi tatizo halimaliziki. Njia mojawapo ni kupunguza saruji na kuchanganya majivu, takataka za viwanda vya chuma au udongo uliochomwa. Lakini mchanganyiko wa namna hiyo hukomaa polepole na huhitaji unyevu kwa muda mrefu zaidi. Ukinyimwa maji, huwa dhaifu kuliko zege la zamani, na jina la utunzaji wa mazingira huharibika. Njia nyingine ni kujenga vitu vinavyodumu. Slabu inayovunjwa na kumwagwa upya baada ya miaka michache imelipiwa moshi wake mara mbili.

Ni vizuri pia kufahamu mpaka wa elimu hii. Kulikomaza zege kutoka ndani kuna faida kubwa hasa pale ambapo maji ya kuchanganyia ni machache, chini ya kile kipimo cha kilo 42 kwa kilo 100 za saruji. Zege la nyumba za kawaida mara nyingi huchanganywa kwa maji mengi kuliko hayo. Kiu ya zege hilo haitoki ndani. Huletwa na jua na upepo unaoyanyonya maji yake kabla hayajafanya kazi. Kwa nyumba hizo, dawa ya leo ni ile ile ya jana: gunia lililolowa, nailoni iliyotandazwa vizuri, na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo siku zote saba.

Ndiyo maana anayejenga akiwa mbali angefanya vyema kuiandika kazi hiyo katika makubaliano na fundi, kwa jina lake na kwa malipo yake, kama vile anavyoandika mchanga na kokoto. Gharama ya maji ya juma moja ni ndogo mbele ya gharama ya nondo zilizooza ndani ya nguzo. Na mtu wa karibu, awe shangazi, binamu au jirani, anaweza kuombwa apitie jioni aguse slabu kwa kiganja. Ikiwa na ubaridi na unyevu, saruji iko kazini. Ikiwa ya moto na kavu siku ya pili tu, ni wakati wa kupiga simu.

Wakati huo huo katika maabara za Boulder, Ghent na kwingineko, uchunguzi wa ute wa mwani na nyuzi za miti unaendelea, kwa matumaini ya kupata kibuyu cha bei nafuu kitakachotunza maji bila kuleta sukari na bila kuacha shimo kubwa. Siku kitakapopatikana, kitamsaidia hasa yule ambaye zege lake halina mtu wa kulitazama. Hadi siku hiyo, zege halilali, na ndoo nayo haina budi kukesha.